TAFSIRI ISIYO NA MWENYEWE

Siku hizi kijana anayetengeneza programu ya mtandaoni aweza kuiongezea lugha 100 kwa kazi ya alasiri moja. Hahitaji kuzijua lugha hizo, wala hahitaji kumjua mtu azijuaye. Huandika mistari michache ya kuiunganisha programu yake na mtambo wa kutafsiri ulioko mbali, huweka kitufe cha kuchagua lugha, na kesho yake msomaji wa Tabora, wa Bujumbura na wa Muscat kila mmoja hufungua ukurasa ule ule akaukuta umeandikwa kwa lugha ya nyumbani kwake. Hilo ni jambo kubwa, na wazee wetu waliojifunza kusoma chini ya miembe hawakuliota.

Sisi twalipokea jambo hili kwa furaha, wala hatutaki kuhesabiwa miongoni mwa wale wanaoogopa kila mtambo mpya. Lakini liko swali moja ambalo yatupasa kuliuliza mapema, kabla desturi mbaya haijaota mizizi. Maneno hayo yanapokosewa, ni nani mwenye kujibu? Mwenye programu atasema kosa ni la mtambo. Mwenye mtambo atasema kwamba tangu mwanzo alikwisha kuandika kuwa hatoi dhamana yoyote. Atakayebaki na hasara ni msomaji, ambaye kosa lake ni moja tu: alisoma maneno ya lugha yake akayaamini.

Maoni yetu ni haya. Tafsiri ya mtambo iwekwe, lakini isiwekwe pasipo mtu maalumu anayeisimamia kwa kila lugha. Na maneno yanayogusa uhai, sheria na fedha za mwananchi yasitolewe hadharani kabla hayajasomwa na mtu aijuaye lugha hiyo. Mtambo na ufanye kazi. Mtu na aitie sahihi.

Mtambo wenyewe

Wengi hudhani kwamba habari hii ilianza juzi. Sivyo. Tarehe 7 Januari, 1954, katika mji wa New York, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Georgetown na wa kampuni ya IBM waliwaonyesha watu kompyuta iliyotafsiri sentensi zaidi ya 60 kutoka Kirusi kwenda Kiingereza. Mtambo ule ulijua maneno 250 na kanuni sita tu za sarufi. Hata hivyo magazeti yalishangilia, na mkuu wa kazi ile akatabiri kwamba baada ya miaka mitano, au labda mitatu, tatizo la lugha katika mambo muhimu litakuwa limekwisha. Mwaka 1966 kamati iliyowekwa na serikali ya Marekani ilitoa taarifa yake ikasema kwamba tafsiri ya mtambo ni ya polepole kuliko ya mtu, ni mbovu zaidi, na gharama yake ni kubwa zaidi. Fedha za utafiti zikapungua, na kazi ikalala kwa miaka mingi.

Hata hivyo, palikuwa na mahali ambapo mtambo ulifanikiwa, nako ni Kanada. Kuanzia mwaka 1977 hadi 2001 taarifa za hali ya hewa za nchi ile zilitafsiriwa kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa na mtambo ulioitwa METEO. Kwa nini ulifaa? Kwa sababu ulipewa kazi ndogo yenye mipaka: mvua, upepo, theluji, joto na baridi. Tena walikuwako wafasiri waliosoma maneno yake na kusahihisha palipopotoka. Funzo hili tuliweke moyoni, maana tutalirudia.

Mitambo ya leo ni ya namna nyingine. Haifundishwi kanuni za sarufi moja moja, bali hulishwa mamilioni ya sentensi ambazo watu wamekwisha kuzitafsiri, nayo hujifunza ni maneno gani yaelekeayo kufuatana na maneno gani. Kampuni ya Google ilianza huduma yake mwaka 2006. Kiswahili kiliingizwa mwaka 2009. Na tangu mwaka 2016 huduma hiyo ilihamia kwenye njia mpya ya kujifunza, ambayo ilifanya sentensi zake zisomeke kwa ulaini uliokuwa haujaonekana. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitangaza mtambo wa lugha 200. Mwaka 2024 Google iliongeza lugha 110 kwa mara moja, na kama robo yake zilikuwa za Afrika.

Ni maendeleo makubwa. Lakini tuutazame mtambo huo unakula nini. Kwa lugha za Ulaya ulipata majadiliano ya Bunge la Ulaya, ambalo ni bunge la jumuiya yenye lugha rasmi 24. Kwa Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kirusi, Kichina na Kiarabu ulipata hati za Umoja wa Mataifa za miaka mingi. Kwa lugha nyingi za Afrika chakula kikubwa kilichopatikana kilikuwa Biblia na vitabu vingine vya dini. Si ajabu basi kwamba mtambo waweza kumjua kondoo aliyepotea vizuri kuliko unavyoijua kodi ya ongezeko la thamani. Kile ambacho watu hawajakitafsiri, mtambo hukikisia. Nao hukisia kwa sauti ile ile ya uhakika ambayo hutumia pale unapojua. Mfasiri akiwa na shaka hukuna kichwa, akauliza. Mtambo haukuni kichwa.

Makosa yanayotokea

Na tuyataje makosa yenyewe, kwa maana kuonya bila kutaja ni kupiga kelele tu.

La kwanza ni la vitufe. Programu nyingi zina vitufe vyenye neno moja moja, na neno lililo peke yake halina pa kushikia. Neno la Kiingereza “save” laweza kuwa kuokoa mtu anayezama, laweza kuwa kuweka akiba, na katika kompyuta ni kuhifadhi. Neno “close” laweza kuwa kufunga, tena laweza kuwa karibu. Neno “free” ni huru kwa mfungwa, lakini ni bure kwa mnunuzi. Mtambo ukipewa neno bila habari ya mahali lilipo huchagua lolote, na mwananchi akakutana na kitufe kinachomkaribisha mahali ambapo kilikusudiwa kumfungia mlango.

La pili ni la ngeli. Mtengenezaji aliyezoea Kiingereza huandika sentensi moja yenye mapengo: idadi hapa, kisha neno “mpya”, na jina la kitu pale. Kwa Kiingereza sentensi hiyo hukaa sawa kwa karibu kila kitu. Kwa Kiswahili twasema barua tatu mpya, vitabu vitatu vipya, maombi matatu mapya, watu watatu wapya. Sentensi ya mapengo haiwezi kutafsirika, hata kama mfasiri ni bingwa, kwa sababu imekatwa vipande kabla ya kumfikia. Kosa hapa ni la mtu aliyedhani kwamba lugha zote hushonwa kwa kipimo kimoja, wala mtambo hauwezi kulaumiwa kwalo.

La tatu ni la saa, nalo ndilo la hatari kupita mengine kwetu. Mzungu huhesabu saa zake tangu usiku wa manane. Sisi huhesabu tangu mapambazuko. Fikiri basi programu ya zahanati ambayo kwa Kiingereza imeandika kwamba mgonjwa afike saa yao ya tisa asubuhi. Saa hiyo kwetu ni saa tatu. Mtambo ukihamisha tarakimu kama ilivyo, ukaandika “saa 9”, mama aliyebeba mtoto mwenye homa atafika saa tisa alasiri, na daktari amekwisha kuondoka. Hakuna neno lililokosewa katika sentensi ile. Kila neno limetafsiriwa, na mama amepoteza siku.

La nne ni la yeye. Kiswahili hakimbagui mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu. Twasema “ni daktari”, twasema “ni muuguzi”, basi. Mtambo ukitafsiri kwenda Kiingereza hulazimika kuchagua, na kwa kuwa umejifunza kutokana na maandishi ya watu, huelekea kumfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke. Waturuki wana lugha kama yetu katika jambo hili, na ilipofika Desemba 2018 Google ilianza kuonyesha tafsiri zote mbili kwa baadhi ya sentensi za Kituruki, kwa sababu lawama zilikuwa zimezidi. Mwanamke daktari anayeomba kazi ng’ambo, barua yake ikatafsiriwa naye akageuzwa mwanamume, ana haki ya kuuliza ni nani aliyembadilisha.

Wala hayo si ya kufikirika tu. Mwaka 2010 ulitolewa uchunguzi uliofanywa katika maduka ya dawa ya Bronx, New York, juu ya vibandiko vya dawa vilivyotafsiriwa kwa kompyuta kwenda Kihispania. Nusu ya vibandiko vilivyochunguzwa vilikuwa na makosa. Neno la Kiingereza lenye maana ya “mara moja” huandikwa kwa herufi zile zile za neno la Kihispania lenye maana ya kumi na moja. Likiachwa bila kutafsiriwa, mgonjwa aliyeagizwa ameze dawa mara moja kwa siku aweza kusoma kwamba ameze mara kumi na moja.

Tena, Oktoba 2017, Mpalestina mmoja mfanyakazi wa ujenzi aliweka picha yake katika mtandao wa Facebook akiwa ameegemea tingatinga, akaandika kwa Kiarabu neno la kuwatakia watu asubuhi njema. Mtambo wa Facebook ulilitafsiri kwa Kiebrania kuwa “washambulieni”. Polisi wa Israel wakamkamata. Taarifa zilizotolewa zilisema kwamba hakuna afisa aliyejua Kiarabu aliyeyasoma maneno yale kabla mtu huyo hajakamatwa. Aliachiwa baada ya saa kadhaa, na kampuni ikaomba radhi. Msomaji na aone kosa kubwa lilikuwa wapi. Mtambo ulikosea, nao utakosea tena kesho. Lakini mtu aliyekuwa na uwezo wa kumfunga mwenzake aliutegemea mtambo pasipo kumwita mtu mmoja tu asome neno moja tu.

Heri nusu shari?

Wapo watakaotujibu kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Kwamba mtu asiyejua Kiingereza afadhali apate tafsiri mbovu kuliko kukosa kabisa. Na kwamba sisi wenye shule twajifanya wachaguzi katika jambo ambalo maskini hana nafasi ya kuchagua. Hoja hii si ya kudharauliwa. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na hakuna hazina itakayolipa wafasiri wa kila ukurasa kwa kila lugha. Kuwakatalia watu mtambo kwa sababu si mkamilifu ni kuwaacha palepale walipoachwa siku zote.

Kwa hiyo twakubali, kwa mambo mengi. Mtu akisoma habari za mpira wa Uhispania kwa tafsiri ya mtambo, na sentensi mbili zikachekesha, hakuna aliyeumia. Marafiki wawili, mmoja wa Goma na mwingine wa Uturuki, wakiandikiana kwa msaada wa mtambo, wataelewana kwa kuulizana. Mfanyabiashara anayetazama bidhaa ataona picha na bei. Hapo mtambo umefanya mema matupu.

Lakini hoja hiyo haifiki kwenye chupa ya dawa, wala kwenye mkataba wa mkopo, wala kwenye hati ya wito wa mahakama. Sababu ni rahisi. Mtu aliyekosa maelezo hujua kwamba amekosa, naye humwendea mwalimu, au mjukuu, au jirani, akauliza. Mtu aliyepewa maelezo ya uongo kwa lugha yake huacha kuuliza. Katika mambo ya hatari, tafsiri mbovu humwondolea mwananchi ule ulinzi wa mwisho aliokuwa nao, yaani kujua kwamba hajui. Hiyo si nusu ya shari. Ni shari iliyovikwa nguo ya msaada.

Na iko desturi nyingine ambayo twaikemea waziwazi. Katika mikataba ya mtandaoni ya makampuni mengi mna kifungu kinachosema kwamba, ikiwa pana tofauti baina ya tafsiri na nakala ya Kiingereza, nakala ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Maana yake ni kwamba mtu husoma mkataba mmoja na kufungwa na mwingine. Mwaka 2021 sheria zilirekebishwa katika Tanzania, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na sababu ilikuwa ni kwamba haki isiyoeleweka kwa mwenye haki si haki kamili. Kanuni hiyo haipotei nguvu kwa kuwa mkataba umo katika simu badala ya karatasi. Aliyeweka Kiswahili mbele ya mteja ili apate fedha zake, na akubali kuhukumiwa kwa Kiswahili hicho hicho.

Kazi ya kufanya

Vijana wetu wanaotengeneza programu watatuuliza: basi tufanye nini? Twawajibu kwa mambo yanayowezekana.

Kwanza, wayatenge maneno tangu siku ya kwanza. Maneno yote yaonekanayo na mtumiaji yaondolewe ndani ya amri za programu, yawekwe katika jedwali lake, kila sentensi ikiwa nzima, na kando yake maelezo mafupi ya mahali itakapotokea. Asiyefanya hivyo mapema atakuja kulazimika kubomoa ukuta ili apitishe bomba.

Pili, wayagawe maneno mafungu matatu. Fungu la kwanza ni maneno ya kudumu ya programu yenyewe, yaani vitufe, vichwa vya kurasa na maelekezo. Hayo mtambo waweza kuyaandika rasimu, lakini mtu ayasome yote. Na mzigo huu si mkubwa kama wanavyodhani. Programu yenye sentensi 500, kila moja ya maneno sita, ina maneno 3,000 tu. Mfasiri mzoefu hufanya maneno kama 2,000 kwa siku. Siku mbili za mfasiri mmoja si gharama ya kumshinda mtu aliyetumia mwaka mzima kujenga programu yake.

Fungu la pili ni maneno yanayoandikwa na watumiaji wenyewe kila saa. Hayo hayawezi kusubiri mfasiri. Mtambo na uyatafsiri, lakini paandikwe wazi kwamba ni tafsiri ya mtambo, na maneno ya asili yaweze kuonekana kwa kubonyeza mara moja. Fungu la tatu ni maneno ya uhai, sheria na fedha. Hayo yasitoke bila sahihi ya mtu. Mtu akikosekana kwa lugha fulani, programu iseme kweli kwamba maelezo hayo hayajapatikana kwa lugha hiyo, na itoe namba ya simu ya mtu wa kuulizwa.

Tatu, tafsiri iliyokwisha kusahihishwa ihifadhiwe, wala mtambo usiruhusiwe kuifuta kila ukurasa unapofunguliwa upya. Tumeona kazi ya mtu ikipotea kwa sababu hakuna aliyeuambia mtambo kwamba jambo hilo limekwisha kuamuliwa. Pamoja na hayo iwepo orodha ya istilahi, ili neno moja lisiwe “akaunti” ukurasa wa kwanza, “hesabu” wa pili, na “maelezo” wa tatu. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lina kazi ya istilahi na ya kuthibitisha tafsiri. Mlango wake na ubishwe.

Nne, mtumiaji achague lugha mwenyewe. Isikisiwe kwa nchi aliyomo, maana Mzanzibari aliyeko Oslo hajageuka Mnorwei. Wala lugha isiwekewe bendera, kwa kuwa Kiswahili kina watu wake Tanzania, Kenya, Kongo na kwingineko, na bendera moja haiwatoshi. Kadhalika kila ukurasa utiwe alama ndani yake ya lugha ulioandikwa, kwa ajili ya vipofu wanaosomewa na simu. Bila alama hiyo simu huyasoma maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji asielewe kitu.

Tano, wakumbuke siri za watu. Maneno yanayotafsiriwa hupelekwa kwenye mitambo ya kampuni nyingine, mara nyingi katika nchi nyingine. Barua ya mgonjwa kwa daktari wake ikipita njia hiyo, mgonjwa aambiwe kabla. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 2019, na Tanzania tangu mwaka 2022. Kitufe cha kutafsiri si mlango wa kuzikwepa.

Sita, pawepo mahali pa msomaji kusema “hapa pamekosewa”, na upande wa pili awepo mtu wa kusikia. Sanduku la maoni lisilofunguliwa ni dharau.

Mfano wa waliotangulia

Mambo haya hayatushindi, kwa sababu tumekwisha kuyafanya. Watafsiri wa Biblia wa Mombasa na wa Unguja walikuwa na Biblia mbili, moja kwa Kimvita na moja kwa Kiunguja. Walikaa, wakabishana neno kwa neno kwa miaka mingi, na mwaka 1952 ikatoka Biblia moja kwa wote. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ikachapishwa mwaka 1963. Mwaka 1969 aliitoa tena ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mkuu wa nchi, mwenye kazi zote alizokuwa nazo, aliirudia tafsiri yake mwenyewe na kuirekebisha, jina lake likiwa juu ya jalada mara zote mbili. Hiyo ndiyo maana ya tafsiri kuwa na mwenyewe.

Katika mambo ya kompyuta pia, mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na watu waliokaa chini kuafikiana juu ya kila istilahi. Na tangu mwaka 2019 watafiti vijana wa nchi nyingi za Afrika, waliojiita Masakhane, wamekuwa wakishirikiana kuijenga mitambo ya kutafsiri ya lugha zetu wenyewe, wenye lugha wakiwa ndio wapimaji. Hao hawaukatai mtambo, wala hawauachi uende peke yake.

Lugha isichafuliwe

Liko jambo la mwisho, nalo ni la vizazi vijavyo. Mitambo hujifunza kutokana na maandishi yaliyomo mtandaoni. Mtandao ukijazwa Kiswahili kibovu kilichoandikwa na mitambo, mitambo ya kesho itajifunza kwa huo ubovu, na watoto wetu, ambao husoma zaidi katika simu kuliko katika vitabu, watauiga wakidhani ndiyo lugha. Mwaka 2025 ilikatwa shauri kuifunga Wikipedia ya lugha ya Greenland. Wasemaji wenyewe waliokuwa wakiiandika walikuwa wachache sana, na kurasa nyingi zilikuwa zimetiwa na watu wasioijua lugha hiyo, waliotumia mitambo. Kiswahili ni kikubwa kuliko lugha ile, lakini Kizaramo, Kipare na Kimakonde si vikubwa. Lugha yenye maandishi machache huharibiwa na kurasa chache.

Kwa hiyo twawaambia watengenezaji: wekeni mtambo, lakini mtajeni msimamizi wa kila lugha. Twaziambia ofisi na mashirika yanayonunua programu: kabla ya kulipa, ulizeni ni nani aliyesoma Kiswahili chake, na asipotajwa mtu msipokee kazi. Twaviambia vyuo vyetu: wafundisheni vijana wa kompyuta pamoja na vijana wa isimu, maana kila mmoja ana nusu ya kazi. Nanyi wasomaji, mnapokutana na sentensi isiyoeleweka katika jambo la dawa, la mkopo au la shauri, msione haya mkadhani ujinga ni wenu. Ulizeni, na mdai jibu. Kiswahili kina wenyewe, na tafsiri zake nazo lazima ziwe na wenyewe.